Bloku Iliyosubiwa Kolwezi

Mwaka ambao tangazo la kuhama lilibandikwa kwenye ukuta wa dispensari ya mtaa wa Kapata, Kolwezi, Kalumba alikuwa na miaka sabini na saba, magoti mawili yaliyokataa ngazi, na gari la mashindano ambalo halikuwa limetembea kwa karibu miaka hamsini. Tangazo lilisema safu tatu za mwisho za nyumba zitabomolewa ili mgodi upanuke, na kila familia itapewa nyumba mpya upande wa pili wa mji. Watu walikwenda kuiona nyumba ya mfano. Ilikuwa na vyumba viwili, choo cha ndani na ua wa kuanikia nguo. Karakana haikuwa nayo.

"Utaiweka wapi, Muzee?" mkewe Jeanne alimwuliza.

Swali hilo Kalumba alikuwa amelichoka hata kabla halijaulizwa.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, mwili wake alumini tupu isiyopakwa rangi, kiti kimoja, usukani wa mbao. Lilitengenezwa Torino na ndugu wawili walioitwa Bardelli. Ndugu hao waliunda magari sita tu ya aina hiyo mwaka wa hamsini na tano, kisha wakafilisika. Moja kati ya hayo sita lilinunuliwa na Lambrecht, mhandisi Mbelgiji wa kampuni ya shaba. Lilisafiri kwa meli mpaka Lobito, kisha kwa treni kupitia Dilolo, likafika Kolwezi limefungwa kamba juu ya behewa kama ng'ombe wa kuchinjwa. Zama hizo Wazungu walikuwa wakishindana barabarani kule Elisabethville na Jadotville, mitaa imezibwa kwa magunia ya mchanga, na Lambrecht alishinda mara mbili.

Mwaka wa sitini na saba Lambrecht aliondoka kwa haraka, kama walivyoondoka wengi. Gari lilikuwa limeshakufa. Fimbo ya pistoni ilikatika injini ikiwa moto, ikatoboa bloku, yaani ule mwili wa alumini wa injini unaobeba silinda, ikaacha tundu la kupitisha ngumi. Kalumba alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, mkereza vyuma katika atelye, karakana ya kampuni, aliyoisimamia Lambrecht. Mzungu alimwandikia karatasi, akaitia sahihi na muhuri wa atelye. "Ukiweza kuifufua, ni yako," alimwambia, kwa sauti ya mtu anayegawa viatu vilivyochakaa.

Kuifufua kulichukua miaka mitano. Alikereza pistoni mpya. Alikereza ekseli kutoka chuma cha reli iliyong'olewa Tenke. Lakini bloku ilimshinda, maana bloku haikerezwi, lazima imiminwe. Hapo ndipo alipoingia Alimasi.

Alimasi alikuwa fundi wa kusubu, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu, mtoto wa Waislamu waliotoka Kasongo, mtu mwembamba aliyeswali adhuhuri kando ya tanuri kisha akarudi kazini bila hata kukunja uso kwa lile joto. Aliizunguka mara mbili bloku iliyotoboka, akasema, "Tuyeyushe ileile. Chuma yake tuimwage mu kalibu mupya." Walichonga kielelezo cha mbao, wakajaza mchanga, wakamimina. Mara ya kwanza ilitoka na mapovu. Mara ya pili ikapasuka ikipoa. Mara ya tatu Alimasi aliungua mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na ngozi ile haikurudia tena rangi yake. Mara ya nne bloku ilitoka safi. Wakaigonga kwa nyundo ndogo ikalia kama kengele. Ubavuni wakapiga mihuri: K.A. 72. Kalumba na Alimasi.

Gari lilikimbia mara moja tu, mwaka wa sabini na nne, kwenye barabara ya Dilala, mbele ya watu waliopanda hadi juu ya mapaa. Kalumba aliendesha mizunguko mitatu, ndipo maji yakachemka. Kisha petroli ikawa ya kutafuta kwa tochi. Kisha ikaja vita ya mwaka wa sabini na nane, nao wakaficha gari nyuma ya magunia ya makaa. Risasi moja ikapita magunia na mlango na kutoboa mkia wake. Kisha mishahara ikakatika, watoto wakakua wakaenda, Alimasi akafa kwa kifua, na gari likabaki. Kila Jumamosi Kalumba alilipangusa vumbi na kuzungusha injini kwa mkono ili isishike kutu. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima, na miaka ya mwisho ilimchukua siku nzima.

Aliyeleta habari za mnada alikuwa Guelord, mtu wa makamo aliyeuza magari yaliyotumika pale Dilala. Alikuja kununua vyuma chakavu vya watu wanaohama, akachungulia karakanani. Akapiga picha. Wiki tatu baadaye alirudi na mwanamke aliyevaa viatu vya safari.

"Tata Kalumba, huyu ni Mama Wivine," alisema. "Anatoka Bruxelles. Anafanya kazi na batu banauzisha motokari za zamani."

Wivine alikuwa mzaliwa wa Likasi, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kwao. Alimsalimu Jeanne kwa mikono miwili, akaomba ruhusa, akalala chali chini ya gari akiwa na tochi. Alikaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na macho ya mtu aliyesoma barua.

"Tata, zilitengenezwaka sita. Mbili ziliungua. Moja ilizama na meli. Mbili ziko ku musée, ku makumbusho. Hii njo ya sita. Watu banaitafuta tangu mi sijazaliwa."

"Ilikuwa hapa," Kalumba alisema.

Wivine alicheka kidogo, akaendelea. Alisoma namba ya chesisi, akaishika karatasi ya Lambrecht kwa ncha za vidole. Alipofika kwenye tundu la risasi mkiani alipiga magoti, akalipiga picha nane. "Hii musizibe," alisema. "Hii ni histoire, ni historia. Inapandisha bei."

Kisha akafungua boneti, akaelekeza tochi ubavuni mwa injini. Akatafuta namba iliyopaswa kuwa pale. Akakuta K.A. 72.

Kalumba alimweleza yote, kuanzia fimbo iliyokatika hadi mara ya nne. Alieleza taratibu, bila majivuno, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kwenda sokoni. Wivine aliandika mwanzoni, halafu akaacha kuandika.

"Chuma ni ileile," Kalumba alimalizia. "Tuliiyeyusha tu."

"Minaelewa, Tata. Lakini ku mnada, motere ya kwanza ikiwa ndani, na namba yake, motokari hii inaweza kufika hata laki tisa za euro. Bila ile motere, tunasema laki mbili, mbili na nusu. Njo vile banahesabu."

Kalumba alitazama mkia wa gari, kisha injini. "Tundu ya risasi iko na bei," alisema polepole. "Askari aliyepiga hakujua hata anapiga nini. Na hii yenye tulifanya miaka mitano, njo inaangusha bei?"

Wivine alizima tochi. "Mi sikuweka hiyo sheria, Tata."

"Najua, mwanangu. Nauliza tu."

Wivine alimpa mwezi mmoja wa kufikiri, akaenda zake.

Guelord alirudi kesho yake peke yake. Aliketi kwenye kigoda, akazungumza kwa sauti ya chini ijapokuwa hapakuwa na mtu wa kuwasikia. Karatasi ya Lambrecht, alisema, ilitaja namba ya injini ya zamani. Sanduku la mihuri ya namba lilikuwa pale pale mezani, mihuri ya wakati uleule, umbo lileule. Mkono uliokereza pistoni haungeshindwa kupiga tarakimu sita. Wivine angeambiwa kwamba mzee alichanganya mambo, kwamba bloku aliyoiona ilikuwa ya gari lingine na ile ya kwanza, iliyokuwa imewekwa pembeni, sasa imerudishwa ndani.

"Unafuta herufi mbili na mwaka, unapiga namba. Nusu saa ya kazi," Guelord alisema. "Laki tisa, Tata. Miaka yote hii umeibeba hii motokari. Iache ikubebe siku moja."

Kalumba alikataa. Siku ya pili alikataa tena, lakini kwa sauti ndogo zaidi. Siku ya tatu watu wa mgodi walipita na makopo ya rangi, wakapiga msalaba mwekundu kwenye kila ukuta wa safu yake, na Jeanne akaketi mlangoni akiwatazama huku sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiungua jikoni.

"Mi nimechoka, Muzee," alisema. "Nimechoka na hii nyumba, na hii vumbi, na ile motokari. Fanya yenye unaweza. Mi siulizi."

Basi Kalumba alipanda pikipiki ya teksi mpaka Dilala kwa Bilkisi, mjane wa Alimasi. Aliona haifai kufuta jina la mtu bila kumwambia mwenye msiba wake. Bilkisi alikuwa akiuza vitenge barazani pake, chini ya bati lililokuwa na matundu mengi kuliko misumari. Alimsikiliza hadi mwisho, akikunja kitambaa kilekile mara tatu.

"Alimasi amekufa miaka kumi na nne," alisema. "Herufi haitamurudisha. Futa, Tata Kalumba. Na unikumbuke mu ile pesa, sababu nyumba hii inavuja juu ya kitanda changu."

"Hautakasirika?"

"Nitakasirika na nini? Na chuma?"

Kalumba alirudi akijiambia kwamba jambo limekwisha. Asubuhi iliyofuata alifungua boneti, akaegemeza tumbo lake kwenye ukingo wa gari kwa sababu mgongo haukumruhusu kuinama, akachukua tupa laini. Alianza na herufi yake. K ilitoka kirahisi. Ilipigwa kijuujuu, kwa haraka ya furaha ya siku ile. Kwa misuguano kama hamsini ilikuwa imekwisha, na alumini ikang'aa pale kama sarafu mpya.

A ilikuwa imezama zaidi. Alimasi aliipiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado umefungwa bendeji. Ndiyo maana ilikaa upande. Kalumba aliweka tupa juu yake, akasukuma mara moja. Mkwaruzo mwembamba ukabaki. Akasubiri mkono usukume tena. Haukusukuma.

Hakuwa akiwaza juu ya haki wala uongo. Baadaye Jeanne alipomwuliza aliwaza nini, alisema alikuwa akisikia harufu ya ngozi iliyoungua na dawa ya hospitali, basi. Akarudisha tupa mahali pake. Akaketi chini, nako kuketi kulimwuma, na kuinuka akajua kutamwuma zaidi.

Mchana alimwomba Jeanne ampigie Wivine.

"Motere ni ya mi na Alimasi," alisema kwenye simu. "Andika vile. Na andika kama nilianza kufuta alama. Utaona penye tupa ilipita. Nilifuta ya kwangu, ya mwenzangu ikanishinda."

"Tata, watu wengine wangemaliza tu," Wivine alisema.

"Mi nilikuwa njiani kumaliza. Usinisifu. Lakini iko kitu kimoja nataka: mu kitabu chenu cha mnada, muandike jina ya Alimasi. Yote. Si herufi."

Guelord aliposikia alipiga teke debe tupu, akaondoka bila kuaga. Lakini kumwambia Bilkisi kulikuwa kugumu zaidi. Kalumba alikwenda tena Dilala, akasema moja kwa moja, akisimama. Bilkisi hakumkaribisha kiti.

"Nilikwambia futa," alisema.

"Ulisema."

"Mi njo mwenye nililala na ule mkono ulioungua, mwaka muzima, nikiupakaa mafuta. Mi nikakubali. We unakatala juu ya nini?"

Kalumba alitazama matundu ya bati. Alisema, "Nimeshindwa, Mama Bilkisi. Nisamehe." Bilkisi akageukia mteja aliyekuwa akisubiri, akaanza kumwonyesha vitenge vya bluu.

Lori lilikuja kulichukua gari mwishoni mwa mvua. Watu wa safu nzima walitoka kutazama. Wengi wao walikuwa wamezaliwa na kuzeeka bila kujua kilichokuwa nyuma ya mlango ule. Wapakiaji walilifunga gari ndani ya sanduku la mbao, likaelekea mpakani mwa Zambia, kisha baharini, kisha Ufaransa. Karakana ilibaki na doa la mafuta na harufu. Jumamosi iliyofuata Kalumba aliamka mapema kwa mazoea, akavaa ovaroli, akafika mlangoni, akakumbuka. Akaivua. Alilala tena mpaka saa nne, jambo ambalo Jeanne hakuwahi kuliona tangu walipooana.

Siku ya mnada ilikuwa Ijumaa ya Februari, saa kumi alasiri ya Kolwezi. Guelord alikuwa amepoa kwa kuwa fungu lake lilikuwa bado lipo. Akawaalika Kalumba na Jeanne dukani kwake, wakatazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye betri ya gari. Waliona ukumbi wenye taa nyingi na watu wanaoinua vidole kidogo tu, kama wanaoogopa kuamsha mtoto. Waliona gari. Lilikuwa safi, juu ya zulia, na Kalumba alilitambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake aliyevishwa suti ya watu wengine.

Mwenye mnada alianza kutaja bei. Laki moja. Laki na ishirini. Laki na hamsini. Kisha picha ikaganda, mdomo wa mwenye mnada ukiwa wazi na nyundo ikiwa hewani. Guelord alitikisa simu, akatoka nje, akarudi, akainua simu juu ya kichwa. Mtandao ulikuwa umekatika mtaa mzima.

"Basi," Jeanne alisema. "Twende tule."

Habari iliwafikia Jumapili. Laki mbili na elfu kumi. Ilikatwa ya mnada, ya meli, ya kodi, ya Guelord, na kilichobaki Kalumba alikigawa mara mbili bila kuomba ushauri wa mtu. Nusu ya Alimasi alimpelekea Bilkisi. Mjane aliipokea, akaiweka ndani, akarudi kuketi barazani. Hakusema asante. Alisema, "Kaa." Kalumba akakaa, na ilikuwa mara ya kwanza kupewa kiti pale tangu siku ile. Mwezi uliofuata bati la Bilkisi lilikuwa jipya, nyumba yake imepakwa chokaa, naye alikuja mwenyewe Kapata kumsaidia Jeanne kufunga vyombo vya kuhamia.

Katika nyumba mpya, ambayo ukuta wake ulianza kupasuka kabla ya mvua ya kwanza, Kalumba na Jeanne waliongeza chumba kwa fedha ile na wakaweka tangi la maji. Zilizobaki zilikwenda kwa watoto, zikaenda kama maji mchangani. Mnamo Agosti Wivine alipiga simu. Bilkisi alikuwa amekuja kula bukari, yaani ugali, nao walikuwa watatu mezani, basi Kalumba akaweka simu katikati ili wote wasikie.

Wivine alisalimia, akauliza magoti, akauliza nyumba. Kisha akasema kwamba tajiri aliyenunua gari ameagiza bloku mpya itengenezwe Italia, kwa michoro ya ndugu Bardelli iliyopatikana kwenye nyaraka. Itapigwa namba ya zamani, kwa ruhusa, na karatasi zitaeleza wazi.

Kalumba alifikiri. "Hiyo mupya itafanywa mwaka gani?"

"Mwaka huu, Tata."

"Na itahesabiwa kama ya zamani kuliko yetu."

"Karibu vile." Sauti ya Wivine ilikuwa imechoka kama yake. "Yenu itawekwa mu sanduku. Inafuata motokari popote inaenda, imeandikwa mu contrat, mu mkataba. Hawawezi kuitupa. Na nimewatumia picha ya kitabu."

Jeanne alifungua picha, akaisoma kwa shida, akatafsiri kutoka Kifaransa neno baada ya neno. Kilisema bloku ilisubiwa Kolwezi mwaka 1972 na fundi Alimasi wa Djafari, pistoni na ekseli zikakerezwa na Kalumba, na kwamba alama ya huyo wa pili ilifutwa na yeye mwenyewe.

"Alimasi wa Djafari," Bilkisi alirudia. "Baliandika mpaka na jina ya baba yake."

"Niliwapa mi," Kalumba alisema.

Bilkisi aliomba asomewe tena. Jeanne akasoma tena, safari hii haraka zaidi. Bilkisi akasema mkwewe Djafari hakuwahi kupanda gari maisha yake yote, aliogopa, alitembea kwa miguu kutoka stesheni siku aliyofika, mzigo kichwani, ingawa lori la kampuni lilikuwa likipakia watu bure. Jeanne akacheka. Bilkisi naye akaanza kucheka, akaendelea kusimulia jinsi mzee yule alivyofika miguu imevimba na bado akawa anabishana kwamba amewahi kuliko lori. Alipogeuka ili Kalumba athibitishe, alimkuta ameegemea ukuta, kinywa wazi kidogo, mikono juu ya magoti, amelala.

"Mwache," Jeanne alisema, akaisogeza sahani ya bukari isije ikaanguka. "Endelea. Alifika, halafu?"

Bilkisi akashusha sauti, akaendelea.